Ghala la Mwisho Libaki Ghala

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Mji, mgeni wetu rasmi, waheshimiwa wajumbe wa Baraza mlioketi kwenye viti vyenye mito, Bi Msanifu, uliyechora majengo haya upya na kuyasimamia ukiwa umevaa buti zilizojaa matope, ndugu wafanyabiashara mliofungua milango yenu katika mtaa huu, majirani zetu, mama zetu mliokuja na watoto migongoni, na nyinyi wapagazi wenzangu, mliosimama nyuma kabisa kama tulivyozoea, ingawa nimeona kwa macho yangu kwamba viti vipo: hamjambo nyote?

Nimeanza na wakubwa kwa sababu Katibu wa Baraza amenielekeza hivyo. Alinipa pia karatasi yenye hotuba nzima, imechapwa vizuri, haina hata doa. Ina maneno makubwa, kama vile "uhuishaji wa kitovu cha mji" na "wadau wa mnyororo wa thamani". Nikamwambia, Bwana Katibu, mimi shule niliiacha darasa la nne, na hata ningefika la saba sidhani kama ningekutana na huo mnyororo. Niache niseme maneno ninayoweza kuyabeba mwenyewe. Akacheka, akakubali. Kwa hiyo nikikosea hapa mbele, msimlaumu yeye. Yeye alifanya kazi yake.

Jina langu mtaani hapa ni Robota. Wageni mtashangaa, lakini mtaa huu haukuwa na desturi ya kumwuliza mtu jina. Ulifika asubuhi na njaa yako, ukabebeshwa mzigo, na mzigo uliobeba siku ya kwanza ukawa ndio jina lako mpaka unaondoka. Ndiyo maana tunaye Misumari, tunaye Sabuni, tunaye Kamba. Mwenzetu mmoja siku yake ya kwanza alibeba masinki ya choo ya kauri. Huyo tulimhurumia, tukamwita Kauri, na leo mnamwona amevaa koti kama bwana harusi. Mimi nilibeba robota la pamba, au niseme robota lilinibeba mimi, maana lilinilalia pale kwenye ngazi za jukwaa la kupakulia, ikabidi watu waje kunifukua kama kiazi. Nilikuwa kijana niliyetoka mbali sana, nimemwacha mke nyumbani na mimba changa, nikamuaga nikisema nakwenda mjini msimu mmoja tu. Msimu wenyewe, Mheshimiwa, ndio huu, bado haujaisha.

Kabla sijaenda mbali niseme nilichokuja kusema, ili mtu akisinzia katikati asikikose. Leo tunafungua mtaa wote wa maghala, na ni siku ya furaha. Sisi wapagazi tumepewa Ghala la Mwisho, lile la kule mwisho wa uchochoro, tulitumie kwa kazi yetu ya kupokea na kusambaza mizigo. Lakini tumepewa kwa majaribio. Nimesimama hapa kuomba neno hilo liondolewe. Ghala la Mwisho libaki ghala, na sisi tubaki ndani yake tukifanya kazi, mwaka huu na miaka yote itakayokuja. Ombi langu ni hilo tu. Sasa niwaeleze kwa nini naomba bila haya.

Ndugu zangu, nani kati yenu anaukumbuka mtaa huu ulivyokuwa ukipumua? Treni ya mizigo iliingia hapa nyuma, ikapiga honi, na kabla haijasimama sawasawa watu walikwisha kupanga mstari. Makapi, yale magurudumu ya kamba za kuvutia mizigo, juu ya madirisha yalilia kutwa nzima, yakipandisha na kushusha. Milango ile mikubwa ya mbao, inayosukumwa juu ya reli zake, ilihitaji watu wawili waliokunywa chai. Waliolala njaa walihitajika wanne. Tazameni chini miguuni penu, hapo hapo mlipokaa. Mifereji hiyo kwenye mawe haikuchongwa na fundi. Ni magurudumu ya mikokoteni, yamepita hapo miaka na miaka mpaka jiwe likasalimu amri.

Kila ghala lilikuwa na harufu yake. Ungeweza kufungwa kitambaa machoni ukaambiwa uko wapi, ukajibu kwa pua. Ghala la Karatasi lilinuka ukavu na gundi. Ghala la Pamba lilinuka mafuta ya mbegu. Na Ghala la Ngozi, jamani, Ghala la Ngozi lilikuwa halihitaji mlinzi. Sasa limekuwa mgahawa mzuri wenye meza za vioo, na juzi mwenye mgahawa alinivuta pembeni siku ile ya mvua, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee Robota, hivi kuta hizi zinatoa harufu gani?" Nikamwambia, "Bwana, hiyo ndiyo historia uliyoiandika pale kwenye kibao chako."

Tulibeba nini? Afadhali mniulize ni nini hatukubeba. Saruji ya hospitali mnayotibiwa ilipita mabegani mwetu. Madawati mliyokalia mkajifunza kusoma, na nadhani hata wewe Mheshimiwa, yalishuka hapa yakiwa yamefungwa kwa kamba za katani. Karatasi za mitihani iliyowapa vyeo, vitanda mlivyozaliwa juu yake, mabati yaliyowakinga mvua, vyote vilipita mlango huu, na chini ya kila kimoja kulikuwa na mtu anayetoka jasho ambaye hamkumwona uso kwa sababu uso ulikuwa chini ya gunia.

Tulikuwa na mama yetu pia. Mnamwona pale, mwenye kitenge cha kijani, Mama Shazia. Wageni, shazia ni ile sindano kubwa ya kushonea magunia, na yeye ameishika tangu akiwa msichana, akikaa mlangoni pa Ghala la Mwisho na rundo lake la magunia yaliyochanika. Huyu hakuogopa bosi wala tajiri. Ukimpelekea gunia lililopasuka anakuangalia wewe kwanza.

"We Robota, hili gunia umelibeba au umepigana nalo?"

"Limechanika lenyewe, mama."

"Lenyewe! Lina mikono? Kaa hapo unishikie huku, na ukome kuniletea uongo asubuhi asubuhi."

Basi utashika gunia, atashona, na akimaliza utakuwa umemwambia habari zako zote za nyumbani, hata zile ulizokuwa umeificha nafsi yako. Wengi wetu tusingeishi hapa bila yeye. Mtu aliye mbali na kwao anahitaji angalau mtu mmoja wa kumkaripia.

Halafu mambo yakageuka. Yalikuja makontena, yale masanduku ya chuma, na magari marefu yasiyoweza kukata kona zetu, na bohari jipya likajengwa nje ya mji ambako mashine inanyanyua kwa mara moja kile ambacho sisi tungekinyanyua wiki nzima. Siilaumu mashine. Haina mgongo, haiumwi, na haina mtoto anayesubiri. Ghala la kwanza lilipofungwa tulisema ni ukarabati. La pili tukasema ni ugomvi wa warithi. La tatu tulinyamaza.

Mlioishi jirani mnajua kilichofuata. Njiwa wakahamia. Mabati yakaanza kuondoka moja moja. Watoto wakakatazwa kupita, na madereva wa teksi wakawa wanawashusha watu kule kwenye kona. Sisi tuliobaki tulibeba makabati ya watu wanaohama, friji, masofa, chochote kile, na jioni tukarudi kulala kwenye vyumba vya juu ambavyo mwenyewe hakuwa na nia hata ya kuja kudai kodi.

Wakati huo huo shemeji yangu alinitembelea. Nyumbani walikuwa wamesikia kwamba niko ghalani, na habari ikisafiri mbali namna ile inanenepa njiani. Akafika amevaa suruali yake ya sikukuu.

"Shemeji, nyumbani wanasema una ghala."

"Niko ghalani, ndiyo."

"Lipi sasa katika haya?"

"Wewe chagua."

Akalizunguka moja, akaingia ndani, akainua macho, akaona mawingu mahali palipotakiwa kuwa paa. Kisha akasema, "Shemeji, hili lako lina hewa." Mungu ambariki mtu yule. Aliporudi alimwambia dada yake kwamba ghala langu ni kubwa na lina hewa ya kutosha, na hakuongeza neno. Dada yake huyo, yaani mke wangu, yuko hapa leo, amekaa mstari wa tatu, na ndiyo kwanza anaisikia habari hii. Mama watoto, usinitazame hivyo, tutaongea nyumbani.

Ndugu wageni, sasa nifike kwenye jambo ambalo magazeti yameliandika vibaya. Yameandika kwamba wapagazi waliuokoa mtaa huu kwa busara na uzalendo. Nataka niwaambie ukweli mbele ya Mheshimiwa: hatukuwa na busara yoyote. Tulikosea.

Ilikuwa hivi. Baraza lililopita liliamua kubomoa maghala yote kupata uwanja wa kuegesha magari. Akaja mkandarasi, akamuuzia mnunuzi wa vitu chakavu kila kilichokuwa na faida: milango, madirisha, makapi, ngazi za chuma, mbao za sakafu. Kisha akatuita sisi tuvitoe na kuvilundika barabarani, lori la mnunuzi litavichukua asubuhi. Tulikubali? Tulikubali. Mtaniuliza, Robota, mliwezaje kuchuna nyumba iliyowalisha? Tuliweza kwa sababu tulikuwa na njaa. Tulifanya kazi tumeinamisha vichwa, na hakuna aliyetania siku ile, hata Kauri.

Jua lilipoanza kushuka tulikuwa tumemaliza, na uchochoro mzima umejaa. Mawingu yakajikusanya. Hapo ndipo alipofika Nyapara wetu, yule pale mbele mwenye kofia ya sufu. Nyapara, unanisikia? Hasikii. Hata alipokuwa na masikio mazima hakusikia jambo asilolitaka. Alikuwa na sheria moja aliyotulea nayo miaka yote: jua likizama, hakuna mzigo nje. Hata uwe mchovu namna gani, hata tajiri aseme acha mpaka kesho. Akautazama uchochoro, akatutazama sisi.

"Nani kaacha mizigo barabarani?"

Kauri akamwambia, "Nyapara, hiyo si mizigo. Hivyo ni vitu chakavu, vinakwenda."

"Mmevibeba hamkuvibeba?"

"Tumevibeba."

"Basi ni mizigo. Ingizeni ndani."

Tulimtukana, Mheshimiwa. Kimoyomoyo, lakini tulimtukana sana. Kisha tukanyanyua vyote tena, mlango mmoja mmoja, ubao mmoja mmoja, tukaviingiza Ghala la Mwisho, kwa sababu hilo peke yake lilikuwa bado na paa. Na kwa kuwa mkono umezoea, tukavipanga kama mzigo unavyopangwa: kila kipande kimeandikwa kwa chaki kimetoka ghala gani na upande gani, vizito chini, vyepesi juu, vioo katikati ya magunia. Mama Shazia akafunga kufuli, akauchomeka ufunguo kwenye mkunjo wa kanga. Tukalala. Mvua ikanyesha kweli kweli.

Asubuhi lori likaja likakuta uchochoro mtupu, mawe yanang'aa kwa maji. Mnunuzi akampigia simu mkandarasi, "Umeniuzia hewa!" Mkandarasi akaja mbio na gari lake dogo, akaona, akashika kiuno. "Umekuja usiku umebeba, halafu asubuhi unanifuata mimi!" Wakaitana wezi pale pale mbele ya watu. Wakaenda polisi, kutoka polisi wakaenda mahakamani.

Na sisi je, tulikuwa wapi? Tulikuwa hapo hapo, tumekaa kwenye ngazi tunakunywa chai, tunawatazama. Hakuna aliyetuuliza. Na sisi hatukusema, si kwa ujanja, naapa. Tulidhani wanagombania bei. Mzigo uliokuwa nje jioni, asubuhi uko wapi? Si uko ndani! Kila aliyekulia mtaa huu anajua hivyo kama anavyojua mlango wa nyumba yao. Haikutupitia akilini hata kidogo kwamba kuna watu wazima, wenye magari na mawakili, wasiojua mizigo inalala wapi.

Mahakama ikaamuru kisiguswe kitu mpaka kesi iishe. Kesi zetu mnazijua zinavyotembea. Hii ilitembea polepole kuliko mkokoteni usio na grisi, na wakati inatembea, uchaguzi ukapita, Baraza likabadilika, na Bi Msanifu akatumwa kuja kupima eneo la uwanja wa magari. Akapima, akafika mwisho wa uchochoro, akaona kufuli.

"Humu kuna nini?"

Mama Shazia hakuinua hata kichwa kutoka kwenye gunia lake. "Mizigo."

"Ya nani?"

"Hawajaja kuichukua."

Akafunguliwa. Akaingia. Bi Msanifu, usikasirike nikisema: ulikaa chini sakafuni na nguo zako za ofisini. Mbele yako ilikuwepo milango yote, makapi yote, ngazi zote, kila kimoja na chaki yake. Ukatuuliza, "Mnajua kuna kesi mahakamani kuhusu vitu hivi?" Misumari akajibu, "Ile ya wale wawili? Tunaisikia." Ukasema, "Wanavitafuta! Kila mmoja anasema mwenzake kaiba!" Na Mama Shazia akakata uzi kwa meno, akasema, "Si wangeuliza?"

Ulicheka mpaka ukatoka machozi. Kisha ukaacha kucheka, na hapo ndipo mtaa huu ulipofufuka. Mimi nilikuwepo nikauona uso wako. Ulikwenda Barazani na picha za vitu vile, ukawaambia kwamba hawana haja ya kujenga mji mpya mahali hapa kwa kuwa wa zamani haujapotea, umepangwa tu ndani. Na wewe, Mheshimiwa Mwenyekiti, ambaye ulikuwa na siku chache tu kwenye kiti hicho, na ambaye ungeweza kusema mambo ya uwanja wa magari yalikwisha kuamuliwa na mikono yako ni misafi, ulikuja hapa kwa miguu, ukaingia, ukashika mlango mmoja kwa kiganja, ukasema, "Rudisheni." Neno moja. Viongozi wangapi wanaweza kusema neno moja wakaishia hapo? Mpigieni makofi, anastahili.

Kesi ikafutwa, maana hakukuwa na mwizi, nasi tukarudisha! Wenzangu mlioko nyuma, semeni kama nadanganya. Tulivyovitoa tumeinamisha vichwa, tulivirudisha tunaimba. Mafundi walijenga kuta, walipandisha paa, walinyoosha reli, na sisi tukaleta kila kitu mahali pake, na hakuna mlango uliokataa. Siku ya kusukuma mlango wa kwanza, ule wa Ghala la Pamba, tulimleta Nyapara. Kwa kuwa hasikii, aliweka viganja vyake viwili juu ya mbao wakati tunausukuma, akausikia kwa mikono ukiteleza kwenye reli. Akasema, "Unahitaji grisi." Kwa Nyapara, ndugu zangu, hiyo ni sifa kubwa kuliko zote alizowahi kutoa.

Na tazameni leo. Ghala la Karatasi lina mitambo ya kuchapa vitabu. Ghala la Pamba lina mafundi viatu ghorofa ya chini, na juu kuna daktari wa macho. Kwenye vyumba tulivyokuwa tunalala na njiwa, jioni watu wazima wanafundishwa kusoma, na mimi mwenyewe nimejiandikisha, nimeanzia pale pale nilipoachia, darasa la nne. Watoto wanapita. Teksi zinaingia mpaka ndani, tena sasa zinatupigia honi tupishe. Mji uliotukimbia umerudi, umevaa nguo mpya, umekaa mbele yetu kwenye viti. Tumeshinda, jamani. Semeni tumeshinda!

Lakini ushindi huo nusura utuache nje. Michoro ilipokamilika tuliitwa ofisini kuonyeshwa. Ghala la Mwisho lilikuwa limechorwa kuwa ukumbi wa maonyesho. Kwenye ukuta kungekuwa na picha kubwa za wapagazi wa zamani, na ya kwanza mlangoni ilikuwa yangu, nimebeba robota, misuli imetoka, ndefu kuliko mimi mwenyewe. Na sisi tungepelekwa bohari jipya nje ya mji, kule kwenye mashine. Mheshimiwa, utakumbuka tulivyozungumza, na ninaomba radhi kuyarudia.

Ulisema, "Mzee Robota, hapa mtaenziwa."

Nikakuuliza, "Kuenziwa ndiyo nini?"

"Ni kukumbukwa kwa heshima."

"Mheshimiwa, mimi sijafa."

Nikaionyesha ile picha kwa kidole. Nikasema, huyu wa ukutani hali, halali, haumwi mgongo, na mmempa nyumba. Mimi ninayekula mnanihamisha. Kama nyumba ni moja, basi mtoeni yeye nje mniweke mimi ndani. Kauri akasema picha ikibaki nje mvua itainyeshea, na Nyapara hatakubali.

Sikusema vile kwa sababu nachukia picha. Nimechoka, sifichi. Hewa ikibadilika tu, mgongo wangu unajua. Lakini nani hapa anadhani kazi yetu imekwisha? Mchapaji yuko hapa, mwulizeni karatasi zake zinafikaje ghorofani. Lori refu haliwezi kukata kona ya uchochoro huu, halikuweza zamani na halitaweza kesho, na kwa kuwa mmekataa kubomoa kuta, na mmefanya vizuri, basi kila kiatu, kila kitabu, kila kiti cha daktari kitaingia kwa mkokoteni na kwa bega. Mnahitaji mahali pa kupokelea mizigo hiyo na watu wa kuibeba. Mtaa wa maghala usio na ghala hata moja linalofanya kazi ni kitu gani? Ni nguo ya marehemu iliyotundikwa ukutani.

Bi Msanifu alinyanyua kalamu pale pale akafuta ukumbi wa maonyesho. Wajumbe wakabishana, na mwisho wakasema haya, wapagazi wabaki, lakini kwa majaribio. Tukashukuru, tukaondoka. Tangu siku ile nimelala na neno hilo kama mtu aliyelala na kokoto chini ya ubavu. Mke wangu amefunga safari amekuja, na mizigo yake iko chumbani bado imefungwa. Ameniuliza, "Nifungue au nisifungue?" Wenzangu nyuma pale kila mmoja ana mtu wake aliye mbali anayeuliza swali hilo hilo. Mtu anajaribiwa mara ngapi? Mimi nimejaribiwa mtaa huu tangu nina ndevu chache, na nimejaribiwa na robota, na saruji, na njaa, na paa lililoondoka. Kama majaribio ndiyo mnayotaka, tumekwisha kuyafanya.

Kwa hiyo nakuuliza, Mheshimiwa, mbele ya mji wako wote: tubaki au tusibaki?

Naona unanena na Katibu. Chukua muda wako. Hapana, Bwana Katibu, usimpe karatasi. Siku ile alisema neno moja na lilitosha. Unasema? Mheshimiwa, wa nyuma hawasikii. Mpeni kipaza sauti. Haya.

Mmesikia? Amesema, "Mbaki." Amesema, "Neno lile limefutwa, na nimelifuta mimi." Mama Shazia, umesikia? Kauri, acha kulia, koti si lako! Nyapara, Nyapara, nitazame midomo: TUNABAKI. Anauliza kama tumeingiza mizigo. Mwambieni bado. Mama watoto, fungua.

Mheshimiwa, sina zaidi. Nilikuwa nimejiandaa kubishana na sasa umeninyang'anya maneno, nami nakushukuru kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote. Nakushukuru wewe, Bi Msanifu, nyinyi wajumbe hata mliobisha, mafundi, majirani, na kila aliyekuja kutuona tukiwa wima. Nilikuwa niendelee kidogo na salamu za mwisho kama Katibu alivyonielekeza, lakini nasikia breki kule mwanzo wa uchochoro, na zile ni karatasi za mchapaji, robota kwa robota, mzigo wa kwanza wa Ghala la Mwisho. Wenzangu wamekwisha kuanza kukunja mikono ya mashati, na Kauri ameshavua koti. Kata utepe, Mheshimiwa, kata upesi.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Wa mstari wa mbele, vuteni viti kidogo, tupisheni njia: kuna mzigo unapita.